Kitovu cha Ghorofa ya Tatu

Uyole, Mbeya
14 Julai 2024

Mwanangu Prisca,

Mwangaluka. Najua mtaa huo hakuna wa kukuamkia hivyo kwa Kisukuma chetu, basi ipokee hapa hapa kwenye karatasi. Mimi mzima. Baridi ya mwaka huu imekuja na hasira, jana asubuhi majani ya viazi kwenye kile kishamba changu yalikuwa meupe kama yamemwagiwa unga. Kaka yako Nashoni amerudi Usangu kuvuna mpunga, anawasalimu. Mumeo Liberatus hajambo? Mjukuu wangu Adrian ameanza kukaa?

Usishangae barua. Simu ninayo, lakini tangu sikio la kushoto lizibe, ukinipigia lazima niweke sauti ya nje, na soko zima la Uyole linasikia habari za nyumba yako. Juzi yule mama muuza dagaa alijibu swali lako kabla yangu! Mambo ya maana nitayapitisha kwa Jailos, kondakta wa basi la Tanga, pamoja na hili gunia la viazi. Jibu lako mpe yeye, anapita hapa kila wiki.

Sasa jambo. Wiki iliyopita nilishukia Ifunda kumsalimia mama mkwe wako, Mama Apolonia. Prisca, macho yake yanakwenda. Daktari wa macho pale Iringa amemwambia hayatarudi, yatapungua pole pole. Mimi alinitambua kwa sauti. Akanishika mkono akaniambia, "Mama Mbuke, mwambie binti yako aniletee mtoto nimwone sura kabla giza halijaingia. Na aje na kitovu chake tukizike hapa, palipo na cha baba yake na cha babu yake."

Hilo tu ndilo alilotaka. Mtoto ana miezi mitano, hajawahi kukanyaga Iringa. Sasa wewe niambie mawili: mnakuja lini, na kitovu umekiweka wapi?

Shangazi yako,
Mbuke


Tanga
2 Agosti 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Viazi vimefika, hata kimoja hakikuoza. Jirani wa mlango wa pili alipoona nashusha gunia alidhani nafungua mgahawa. Sisi wazima. Adrian anakaa, akianguka anacheka. Liberatus yuko bandarini kwenye ile mashine yake ya kunyanyua makontena, zamu zake leo asubuhi kesho mchana.

Nimeumia sana kusikia habari ya macho ya mama. Mpe pole nyingi.

Uliwahi kuniuliza huku tunaishije, nami nikakujibu "vizuri" kama mtoto wa shule. Leo nina nafasi. Jengo letu lina ghorofa nne, sisi tuko ya tatu, na milango ni kumi na sita, na milango yote hiyo ni ya wapangaji. Mwenye nyumba hatujawahi kumwona, tunamjua msimamizi wake, Bwana Eliezeri, ambaye kila Jumatatu anabandika tangazo pale kwenye ngazi: usitwange juu ya sakafu, usianike upande wa barabarani, usiache viatu mlangoni. Chini kuna duka la vitambaa na duka la vipuri. Juu kabisa kuna matangi, maji yakikatika unasikia milango yote inafunguka kwa pamoja na ndoo zinaanza kuimba. Bahari haionekani, lakini chumvi yake inakula kila kitu, hata bawaba za kabati zangu zimeoza.

Na watu hawakai. Mwezi huu unaona godoro linashuka, mwezi ujao linapanda godoro lingine. Unamzoea mtu kwa kikohozi chake ukutani, halafu siku moja kikohozi hakipo. Nje mtaa mzima ni hivyo hivyo, maghorofa ya kupanga kushoto na kulia, na nguo za watu wasiojuana zimeanikwa zikitazamana.

Ukitaka udongo humu ndani hupati hata wa kukanyaga. Sakafu ni vigae, nje ni saruji, baada ya saruji ni barabara.

Liberatus anasema likizo yake bado haijapangwa. Nitakujulisha.

Mwanao,
Prisca


Uyole
25 Agosti 2024

Prisca,

Mwangaluka. Mimi mzima, ng'ombe wa Nashoni wazima, baridi imepungua.

Umeniandikia ngazi, matangi, ndoo zinazoimba, bawaba zilizooza na kikohozi cha watu nisiowajua. Nimesoma mara mbili nikitafuta kitovu. Sijakiona.

Niulize tena au?

Mbuke


Tanga
10 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kukawia. Adrian aliota meno mawili kwa mpigo, akahara wiki nzima, hatukulala. Sasa amepona, anauma kila kitu mpaka kidole cha baba yake.

Kitovu kipo, shangazi. Kiko salama. Usiwe na wasiwasi.

Nikupe habari ya kuchekesha. Mwezi wa tisa kulikuwa na tangazo jipya la Bwana Eliezeri, kwamba hataki tena maua wala mboga kwenye veranda, maana maji yanadondokea vitambaa vya mwenye duka chini. Siku hiyo nilikuwa kliniki na mtoto. Narudi, ndoo zote zimeteremshwa. Nami nilikuwa na ndoo yangu kuukuu ya rangi nimepanda mrehani. Basi nikazunguka kuitafuta, nikagonga mlango mmoja baada ya mwingine.

Miaka miwili na nusu naishi hapa, shangazi, sijawahi kugonga mlango wa mtu. Nilijua namba kumi na tatu wanakaanga samaki Ijumaa, sikujua wanaitwa nani. Sasa nawajua wote. Mlango wa mbele yangu anakaa Lea, nesi, Msambaa. Tangu nilipomsalimia hasa, ananibebea mtoto nikifua. Namba kumi na moja ni mzee mmoja mstaafu wa reli anayeishi na redio. Na ghorofa ya nne, hutaamini, kuna dada anaitwa Anyelwisye, wa Tukuyu! Miaka miwili tumepishana kwenye ngazi, yeye akidhani mimi Mgogo, mimi nikidhani yeye Mchaga. Aliposikia natokea Mbeya alipiga kelele hadi wa chini wakatoka kuangalia kuna nini. Tumekula naye viazi vyako.

Ndoo sikuiona.

Habari ya safari: Desemba meli zinakuwa nyingi, Liberatus hapewi likizo, na mimi peke yangu na mtoto, saa zote hizo kwenye basi, naogopa. Labda baada ya mwaka mpya.

Prisca


Uyole
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Mwangaluka. Mvua ya kwanza imenyesha, watu wako mashambani, soko limepungua kelele hata mimi nasikia. Nimefurahi kwa huyo Mnyakyusa. Mwambie nasema waache kuringia ndizi.

Nimekwenda tena Ifunda. Sasa Mama Apolonia anamimina chai kwa kuweka kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Nilitaka kumsaidia, akanifokea. Aliniuliza kama mtoto amefanana na Liberatus au na nyinyi Wasukuma wenye mapaji ya uso makubwa. Nikamwambia atajionea.

Wazee wa ukoo wamepanga Jumamosi tarehe saba Desemba. Padri ameombwa aje kubariki, na ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, umeshaagizwa. Kama huwezi kuja, mama anasema basi tuma kitovu kitangulie, mtoto atafuata. Lakini alilisema hilo kwa shida, nilimwona.

Wewe mtoto una jambo. Nimekulea tangu mama yako afariki, najua ukinyamaza unanyamazaje. Ulipovunja chungu cha bibi ulikaa siku tatu unafagia uwanja bila kuagizwa. Hiyo barua yako ya majirani imefagiwa sana. Mficha uchi hazai, Prisca. Kama kuna neno, sema.

Mbuke


Tanga
24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimempa Jailos kopo dogo lenye mfuniko mwekundu, nimelifunga kwa utepe. Kitovu kimo humo, kimesokotwa kwenye kitambaa cheupe. Tafadhali usikifungue, kikabidhi kama kilivyo. Mwambie mama nampenda na namwombea.

Adrian anatambaa.

Prisca


Uyole
15 Desemba 2024

Mwanangu Prisca,

Mwangaluka. Nimerudi jana kutoka Ifunda, miguu imevimba lakini mzima.

Kazi imefanyika. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Padri alibariki akaondoka mapema, naye alijua ulanzi unamsubiri nani. Pale kona ya nyumba, upande wa jua linakochomoza, walishachimba kishimo. Mama Apolonia alikaa kwenye kigoda, nikamwekea kitambaa mkononi. Akakifungua mwenyewe. Akakipapasa kitu kile muda mrefu, akakisogeza usoni. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nami pua ninayo, ingawa sikio limekufa.

Kisha akakifunga tena, akakishusha shimoni kwa mkono wake, akasema, "Adrian, hapa ndipo kwenu." Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipiga na mimi, ningefanyaje?

Nina swali moja tu, tena dogo. Siku hizi huko ghorofani chai mnaitia nini?

Krismasi njema,
Mbuke


Tanga
5 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako jikoni nimesimama, nikakaa chini kwenye vigae nikalia. Lea alikuja akanikuta, akadhani kuna msiba.

Sina uso wa kukutazama, na ni heri hii iwe barua. Ni tangawizi. Niliinunua sokoni, nikaiweka dirishani siku nane mpaka ikakunjamana, nikachagua kidole chembamba kuliko vyote. Nilidhani mama haoni vizuri. Ndivyo nilivyowaza, shangazi, na wazo hilo ndilo linanichoma kuliko uongo wenyewe. Nilitegemea upofu wa mama wa mume wangu.

Kitovu cha kweli kilidondoka Adrian akiwa na siku saba. Nilikitia kwenye kopo la mafuta ya mgando. Sikutaka kikae kabatini na dawa ya mende. Nikawaza, kinataka udongo, hata wa kuazima. Udongo pekee niliokuwa nao ulikuwa kwenye ile ndoo ya mrehani. Nikakitoa kwenye kopo, nikakifukia humo, nikajiambia siku ya safari nitaibeba ndoo nzima. Ulipouliza mwezi wa saba niliona aibu kukuandikia kwamba kiko ndooni. Kila asubuhi nilikuwa namwagilia mrehani nikimsemesha mtoto, ona, hapa ndipo kitovu chako kilipo.

Halafu siku ya kliniki ndoo zikateremshwa. Niligonga milango yote kumi na tano. Kila aliyenifungulia nilimwambia natafuta mrehani wangu, wakaniona nina wazimu, maana mrehani sokoni upo tele. Mwishowe mama anayefagia ngazi akaniambia: mbele ya jengo palikuwa na shimo barabarani, bajaji zilikuwa zinalalia ubavu. Bwana Eliezeri akasema udongo wa kwenye ndoo usipotee bure. Wakaumwaga wote shimoni, juu wakatia kokoto na saruji, wakashindilia.

Kitovu cha mwanangu kiko chini ya barabara, shangazi. Kila siku nakiangalia kutoka dirishani. Magari yanapita, bajaji zinapita, juzi lori la soda liliegesha pale pale saa nzima, nikataka kushuka nikamwombe dereva asogee. Ningemwambia nini?

Liberatus hajui. Naogopa atasema amemwoa mwanamke wa ghorofani ambaye hata kitovu cha mtoto kimemshinda kutunza. Naogopa Ifunda watasema hivyo hivyo. Ndiyo maana siji. Likizo ipo, aliipata tangu Novemba, mimi ndiye niliyesema mtoto anaumwa. Nawezaje kumweka Adrian mapajani mwa mama, nimwangalie usoni, huku najua ninachokijua?

Sijui nifanye nini. Niambie.

Prisca


Uyole
26 Januari 2025

Prisca, mwanangu,

Mwangaluka. Barua yako ilikaa kwenye buti la basi wiki mbili, Jailos aliisahau chini ya tairi la akiba. Nimemsema mpaka akanunua viazi asivyovihitaji.

Kwanza futa machozi. Pili, kaa tena kwenye vigae vyako, nina maneno.

Mwaka tisini na tano tulipokuwa tunahama kutoka Shinyanga kuja Usangu, ulizaliwa njiani, huku mbele ya Rungwa. Ng'ombe hawasubiri mzazi. Siku ya tatu tulishaanza kutembea, mama yako kwenye mkokoteni ana homa, wewe mgongoni kwangu. Nilikuwa na miaka ishirini, najiona mtu mzima. Kitovu chako kilipodondoka nilikifunga kwenye pindo la kanga yangu. Bibi yako alikuwa ametangulia na baba yako Masunga kutafuta malisho, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Mbuke, kitovu kije, tukizike tutakapokaa."

Tukafika mto mmoja, umejaa. Nikavua kanga ile nikajitwisha kichwani, wewe nikakushika mikononi. Katikati ya maji ndama akanipiga kikumbo. Nilikuwa na mikono miwili na vitu viwili. Nilikushika wewe. Kanga ikaenda.

Sikumwambia mtu. Nilipofika Usangu bibi akanyoosha mkono kabla hata sijatua mzigo. Nikaenda nyuma ya mkokoteni, nikafungua kiroba cha michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika, nikachukua kipande kilichokauka kuliko vyote, nikakisokota kwenye kitambaa. Bibi yako akakizika kwa heshima zote. Alichinja beberu. Mimi nilikula ile nyama nimempa bibi mgongo.

Sasa cheka. Wewe uliyezikiwa mchembe una umri wa miaka ishirini na tisa, meno yote, mume, mtoto, na jeuri ya kunitumia tangawizi.

Nyani haoni kundule. Nilikukaba kooni nusu mwaka kwa sababu nilijua harufu ya uongo huo, ni wangu. Kila nilipoandika "kitovu kiko wapi" nilikuwa najiuliza mwenyewe. Bibi amekufa hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na una haki ya kukasirika, maana kilikuwa chako.

Lakini nikwambie nililolijua siku ile mtoni. Hukwenda na maji. Basi.

Kuhusu mama Apolonia, sijui nikushauri nini. Nilidhani yeye hakugundua, lakini sina hakika tena. Mwambie mumeo. Anza hapo.

Mbuke


Tanga
16 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sijakasirika. Niliwaza nikasirike, nikaona picha yako katikati ya mto na mikono miwili, hasira haikuja. Nimeisoma kwa sauti nikimsomea Adrian. Alikuwa anatafuna bahasha.

Nimemwambia Liberatus. Aliinamisha kichwa, nikajua sasa ndiyo mwisho wangu. Kumbe anazuia kicheko! Alicheka mpaka mzee wa redio akagonga ukuta. Halafu akaenda dirishani, akaiangalia ile barabara, akaacha kucheka. Akasema, "Kwa hiyo kipo hapo." Nikasema kipo. Akaniambia nilipaswa kumwambia siku ile ile, angeshuka na sururu kabla saruji haijashika. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba nilibeba peke yangu.

Tangu siku hiyo, akitoka kazini haikanyagi ile sehemu. Anaizunguka. Majirani wanadhani ana ushirikina.

Anasema twende Pasaka. Mimi nimesema ndiyo, lakini naliogopa lile lango la Ifunda. Mama nitamwambia mwenyewe, au nikae kimya?

Prisca


Uyole
23 Machi 2025

Mwanangu Prisca,

Mwangaluka! Mimi mzima, na leo naandika huku nacheka peke yangu, mama muuza dagaa ameshaniuliza mara mbili kama nimeolewa.

Wiki iliyopita Mama Apolonia aliniita. Hakusema kuna nini, alituma neno kwa dereva wa lori, "Mbuke aje." Nikajua kumekucha. Nimefika, akanipokea kwa salamu nyingi za kamwene, akanishika mkono akanipeleka kona ya nyumba, upande wa jua linakochomoza. Akainama, akapapasa, akanielekeza vidole.

Prisca, kimeota.

Tangawizi yako haikukauka sawasawa. Mvua za Januari zimeipata. Pale alipobariki padri na tulipopigia vigelegele mbele ya wazee wote wa ukoo, pamesimama majani mabichi, urefu wa goti. Nilitamani ardhi ipasuke. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba huwa inaota majani.

Akasema, "Mama Mbuke, nina miaka sabini na mitano. Nimezika vitovu vya watoto wangu saba na wajukuu tisa. Huyu ndiye wa kwanza kunioteshea."

Nikaanza kuomba msamaha, nikachanganya Kiswahili na Kisukuma. Akanikatiza. "Nilijua siku ile ile. Macho ndiyo yanakwenda, pua ipo." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Watu walishakuja, ulanzi ulishafika, na wewe ulikuwa unapumua kwa shida kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Ningekuaibisha kwa faida ya nani?"

Tukaingia ndani. Chai ilikuwa tayari jikoni. Akamimina, kidole kikombeni kama kawaida yake. Nikanywa. Ilikuwa ya tangawizi, mwanangu. Alichimba kipande pale pale akakiponda. Kali hiyo, ilinitoa machozi, nikashukuru kupata kisingizio.

Hapo ndipo alipozungumza, na haya ni maneno yake, nimeyashika yote: "Nyinyi mmehangaika na kitovu. Mimi kitovu ningekifanyia nini? Nilikuwa na kamba moja tu ya kumvutia mtoto aje, nikaivuta. Mkanikatia kipande cha kamba mkanitumia, mtoto mkabaki naye."

Nikamweleza yote, ndoo, shimo, saruji, bajaji. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu, kama ile barabara ina watu wengi. Nikasema nasikia haiishi watu, mchana na usiku. Akasema, "Basi hakikulala peke yake."

Kwa upande wa mlango bado anaona mwanga. Sura ya mtu ataiona ukimsogezea karibu sana, aliniambia mwenyewe, karibu ya pua na pua. Baada ya mavuno hajui kama ataiona.

Sikuandikii tena. Pasaka nataka nikuone, si nikusome.

Mbuke


Tanga
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Najua umesema usiandikiwe, hii ni fupi.

Tumekata tiketi za Alhamisi Kuu, kwenye basi la Jailos. Tutashuka Ifunda wote watatu, wewe utukute huko. Lea atamwagilia ndoo yangu mpya, maana Bwana Eliezeri ameruhusu mrehani urudi kwa sharti la kuweka sahani chini. Anyelwisye ametupa mkungu wa ndizi wa kumpelekea mama, na anasema salamu zako amezipata na Wanyakyusa wataendelea kuringa.

Leo asubuhi barabara ilikuwa tulivu. Nilishuka na Adrian nikamsimamisha pale palipozibwa. Ameanza kutembea wiki hii. Alipiga hatua tatu juu ya saruji, akakaa. Bajaji ikaja, dereva akatuona, akasimama kutusubiri bila kupiga honi. Sikuwa na haraka, naye hakuwa na haraka.

Nilianza kufungasha zawadi, kopo hili, kitambaa kile, nikavitoa vyote. Mwambie mama safari hii sileti kitu kilichofungwa. Nitaingia mlangoni nimebeba mtoto, nitamsogeza pua na pua, na yeye ndiye atakayeniambia amefanana na nani.

Ila abakize kidole kimoja cha ile tangawizi.

Mwanao,
Prisca